Chai ya Hewa

Saa nne kasorobo. Winnipeg, baridi ya kung'ata masikio,
na ili watoto kumi na sita wacheze robo saa kwenye theluji
sisi wawili tunahangaika dakika arubaini:
suruali nene, kiatu cha kulia, cha kushoto kiko wapi,
glavu, skafu, zipu ya Tobiah inayokwama palepale kila siku,
na nikishamfunga wa kumi na sita hadi kidevuni
wa kwanza ananivuta: Mwalimu, mkojo.

Nami vilevile, mwanangu.
Nami tangu saa mbili.

Kuna siri hatumwambii mzazi akija jioni:
hatunywi maji.
Si kwa kusahau. Tunapiga hesabu.
Glasi moja ni safari moja,
na safari moja ni kumwacha Marisel peke yake
na watoto kumi na sita, na mikasi.
Sheria haitaki. Moyo nao hautaki.
Basi kichwa kinagonga tangu adhuhuri,
na chakula cha mchana ni kando za mkate
walizoacha watoto, zenye alama za meno,
tunazila wima mbele ya sinki.
Mgongo wangu umejifunza urefu wa viti vyao;
hata nyumbani hujikuta nimeketi sakafuni, koti mwilini.

Daktari ameandika dawa ya kibofu, mara ya tatu tangu Septemba.
Kunywa maji mengi, akasema.
Nikacheka hadi akanipima presha upya.

Mwezi wa pili ofisi ilitubandikia bango:
tufaha jekundu, mwanamke anakimbia ufukweni,
AFYA YAKO NI UAMUZI WAKO.
Na kila mmoja akapewa chupa ya lita nzima
iliyochorwa mistari: saa tatu fika hapa, saa tano fika hapa.
Marisel ya kwake akaitilia kalamu za rangi.
Aliye juu mngoje chini, walisema wahenga.
Sisi tuko chini, kwenye viti vya shubiri moja,
tunamngoja.

Halafu Alhamisi, kwenye jiko la kuchezea,
Anouk, miaka mitatu na nusu,
akanimiminia chai kutoka birika tupu.
Kunywa, akasema. Kunywa yote.
Nikanywa hewa, nikasema ahsante, tamu.
Akanikazia macho kama mwenye duka aliyepewa noti bandia:
Wewe hunywi kamwe. Unajifanya tu.

Sikulia. Nilikwenda kumbandua Harjit kwenye gundi.

Ila jioni nilimsimulia Marisel, na Darlene wa chumba cha pili,
tumekaa kwenye vile viti, magoti masikioni,
na pale pale tukapatana:
kikombe chekundu juu ya kabati.
Kikipinduliwa, mtu amekwenda.
Darlene anafungua mlango wa kati,
anasimama kizingitini, jicho huku, jicho kule.
Dakika tano. Bila maelezo. Bila samahani.

Jumatatu Bi Lorraine alishuka kuuliza nani ameruhusu.
Darlene, ambaye maneno yake kwa siku yanahesabika,
alimkabidhi kiatu cha kushoto cha Tobiah:
Kaa nasi hadi saa sita. Kisha tuulize.

Alikaa. Saa tano na nusu alikuwa amebana miguu,
anatazama mlango, anatazama watoto,
anatazama kikombe.
Nenda, tukamwambia.

Amesema ataomba mtu wa zamu. Barua imekwenda. Jibu bado.
Nami sijawa mzima: mgongo ni ule ule,
na usiku nahesabu watoto ndotoni,
wa kumi na sita simwoni.

Lakini leo nilifungua bomba,
nikajaza glasi, maji ya kuuma meno,
nikanywa mbele ya Anouk, nimetulia.
Alihesabu mafunda kwa vidole, akakosea, akaanza tena.
Kisha akaichukua ile glasi
akaipindua juu ya kiganja chake
kuona kama kuna tone.